Mume wangu anataka nisaini nyumba tunayoishi iwekwe rehani, ili amalizie ghorofa

Dada, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma hapa Mwanza. Nina miaka 46 na nina duka la vyombo vya nyumbani: ndoo, masufuria, mabeseni, vitu vya namna hiyo. Mume wangu ana miaka 53, ni mtumishi wa umma. Hanywi, hana mambo ya wanawake, anawapenda watoto wake. Naanza na hayo ili usimfikirie vibaya.

Tunaishi kwenye nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu na sebule. Tuliijenga pole pole tukiwa vijana, haidaiwi na mtu, na hati ipo kwa jina lake. Ni ndogo, lakini haivuji.

Mwaka 2018 baba mkwe alifariki akiwa anatibiwa huku mjini, msiba ukawekwa kwetu. Ndugu walikuja kutoka Magu, Kwimba, wengine Geita. Walijaa sebuleni na kwenye korido, waliobaki wakalala nje chini ya turubai. Usiku wa pili mvua ikanyesha. Asubuhi shemeji yangu mmoja akasema watu wote wakisikia, "Mtu ana kazi ya serikali miaka yote hii, wageni wa baba yake wanalala kwenye tope." Mume wangu hakujibu kitu. Ila tangu siku ile hajawahi kuridhika na nyumba yetu.

Mwaka uliofuata akanunua kiwanja Luchelele, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Ramani aliipata kwa mtu kwenye simu: ghorofa moja, vyumba sita, kila chumba na choo chake, na sebule isiyokuwa na dari ya katikati, inayopanda mpaka juu kabisa. Fundi akaiangalia akasema milioni 110 zinaimaliza nyumba yote.

Msingi peke yake ulikula milioni 31. Upande mmoja ni mwamba, ikabidi wakae wiki nzima wakiupasua. Upande wa chini ilibidi ujengwe ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, halafu kikaletwa kifusi, lori baada ya lori, mpaka nikaacha kuuliza. Leo tumeshatumia milioni 94. Kuna mkopo wa mshahara wa milioni 38, ambao bado miaka miwili kuisha. Kuna shamba alilorithi Magu, tuliuza milioni 22. Kuna milioni 12 za SACCOS, na milioni 9 zilitoka kwenye mtaji wa duka langu. Zilizobaki ni akiba ya miaka yote.

Kilichopo ni boma la chini, ngazi, na zege la ghorofa lililomwagwa mwaka juzi. Juu yake zimesimama nondo za nguzo za juu, zimeshika kutu. Mvua ikinyesha maji yanatuama juu ya zege, yanachuruzika kwenye kuta za chini. Fundi tunadaiwa milioni 2 na laki 4. Sasa anasema ili nyumba iishe zinahitajika milioni 130 nyingine.

Mume wangu ameenda benki. Wamemwambia anaweza kupata milioni 60 kwa miaka saba, riba asilimia 17, dhamana iwe nyumba ya Igoma. Kwa kuwa mshahara wake umeshakatwa hadi mwisho, marejesho yatapitia kwenye duka langu. Duka hilo zamani lilikuwa linanibakizia kama laki 9 kwa mwezi, sasa hivi nikipata laki 5 nashukuru, maana rafu zipo nusu. Mtoto wa pili yuko kidato cha tatu bweni, muhula huu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mume wangu anasema nivumilie, mafao yake yakitoka tutalipa kila kitu.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia mbele ya fundi kwamba hiyo nyumba imetumaliza. Tangu hapo anaongea na mimi kwa shida. Jana aliweka fomu mezani akasema, "Saini tu, ni utaratibu wa benki." Alhamisi ijayo tunatakiwa kwenda.

Nikisaini, naogopa. Nisiposaini, nitaonekana ndiye niliyezuia maendeleo ya nyumba yangu mwenyewe. Nifanye nini, dada?

Mama wa watatu, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usisaini. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu Alhamisi iko karibu, na mengine yote nitakayokuandikia yanawezekana tu ikiwa nyumba ya Igoma itaendelea kuwa yenu bila deni.

Sahihi yako siyo "utaratibu wa benki" kama shemeji, yaani mumeo, alivyosema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba wanamoishi mume na mke ni halali pale tu ambapo wenzi wote wameridhia. Sheria ilitaka watu wawili, kila mmoja kwa akili yake, wakubali kwamba paa linalowafunika wanaliweka hatarini. Ndiyo maana hiyo fomu ina nafasi ya jina lako. Ukishasaini, kwenda mahakamani baadaye kusema hukuelewa au ulisukumwa ni safari ndefu, na wengi hawafiki mwisho wake. Marejesho yakikwama benki inatoa notisi ya siku 60, na baada ya hapo njia ya mnada iko wazi.

Shemeji simdhanii ubaya hata kidogo. Ila kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, niseme: wapo wanaume wanaoapa mbele ya wakili kwamba hawana mke, na wapo wanaopeleka mwanamke mwingine akasaini. Mwenye wasiwasi wa namna hiyo anaweza kwenda ofisi ya Msajili wa Hati akaomba kuweka zuio kwenye hati ya nyumba ya ndoa. Kama huna pesa ya wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wanasaidia bila malipo, na hata ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwao.

Sasa twende kwenye hesabu, maana nahisi ndani ya nyumba yenu hakuna aliyekaa chini kuipiga.

Milioni 60 kwa miaka saba, riba ya asilimia 17 inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, ni marejesho ya takriban shilingi 1,226,000 kila mwezi. Ukijumlisha miezi yote 84 utakuwa umerudisha karibu milioni 103. Kama benki inahesabu riba kwa namna nyingine, isiyofuata salio, inakuwa zaidi ya hapo, kwa hiyo hilo ni la kuuliza. Wewe umeniambia duka linakuachia laki 5. Hata siku zake nzuri, kabla mtaji haujachotwa, lilikuwa linatoa laki 9. Hakuna mwezi hata mmoja katika historia ya duka lako ambao lingeweza kulipa mkopo huu, hata kama msingekula wala kulipa ada. Afisa mikopo aliyeandika kwamba duka litalipa ameangalia nyumba ya Igoma, hakuangalia rafu zako.

Na pesa yenyewe haimalizi kazi. Fundi anasema zinatakiwa milioni 130, mkopo ni 60. Maana yake ni kwamba mtaiweka nyumba mnayoishi rehani ili ghorofa lifike nusu nyingine ya njia, halafu lisimame tena. Tena huyo fundi ni yule yule aliyesema 110 zitaimaliza nyumba yote. Sisemi kwamba ni mwizi. Fundi anajua kujenga. Kukadiria gharama ya nyumba ya ghorofa kwenye mteremko wenye mwamba ni taaluma ya mtu mwingine, na mtu huyo anaitwa mkadiriaji majenzi. Fundi anakadiria kwa nyumba alizowahi kujenga, na nyingi zilikuwa za chini, kwenye tambarare. Ukuta wa kuzuia udongo haukuwemo kwenye ramani ya simu, kwa sababu aliyeichora hakuwahi kukiona kiwanja chenu. Milioni 31 zililiwa hapo, na hakuna mpita njia atakayeziona maana zimefukiwa.

Kuhusu mafao, hapa naomba mkae wote wawili msikilize, maana nimeona watumishi wengi wakijenga kwa pesa ambayo haitakuja kwa namna wanayoifikiria. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichoanza Julai 2022 kilitoa asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo, kinachobaki ni pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilipandisha mkupuo huo hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa kwenye kundi la asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye asilimia 25. Shemeji aende ofisi ya mfuko wake, aombe makadirio yake yaliyoandikwa, asikadirie kwa kuangalia alichopata mwenzake aliyestaafu miaka ya nyuma. Ana miaka 53. Mkopo wa miaka saba unamalizikia pale pale kwenye miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Mkichelewa hata kidogo, mkupuo unapokelewa na benki, ninyi mnabaki na pensheni na nyumba ya vyumba sita vya kupaka rangi, kuvutia maji mlimani na kulipia umeme. Na watoto watakuwa wameondoka. Mliokusudia kulala humo, ukihesabu vizuri, ni wawili.

Lakini, mdogo wangu, hesabu hizi ukimpelekea mumeo kama nilivyoziandika, atafunga masikio. Kwa sababu yeye hajengi vyumba sita. Anajibu neno alilotupiwa asubuhi ile ya msibani.

Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara kadhaa. Mwanaume amefiwa na baba yake, wageni wa baba wamelowa mvua, ndugu yake wa damu anamwaibisha mbele ya ukoo, naye ananyamaza. Hakuna aliyemjibia. Kwetu msiba ni mahali mtu anapopimwa: wageni walikula nini, walilala wapi, walisindikizwaje. Yule shemeji yako alikosea sana kusema vile, na nadhani mume wako amekuwa akijenga tangu siku hiyo ili neno lile lisirudiwe. Ukilijua hilo utaona kwa nini maneno yako mbele ya fundi yalimchoma kiasi kile. Alisikia sauti ile ile ya kaka yake, safari hii ikitoka kwa mke wake, na tena kuna mtu wa nje anasikiliza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya Alhamisi ni kumrudishia heshima yake hapo. Msubiri awe amekula, watoto wamelala, simu ziko mbali. Mwambie kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Baba, lile neno ulilotupiwa kwenye msiba wa mzee halikuwa haki. Ulimuuguza mzee, ukamzika, ukawalisha watu wote wale. Najua unajenga kwa ajili ya hilo. Na juzi nilipoongea mbele ya fundi nilikukosea adabu." Halafu nyamaza. Mwache aongee au asiongee. Usiunganishe na habari ya mkopo usiku huo huo, maana ukifanya hivyo ataona ulikuwa unamlainisha.

Siku inayofuata ndipo uchukue karatasi. Mkae upande mmoja wa meza, muandike pamoja kilichoingia, kinachokatwa, kinachobaki, ada, na marejesho yale ya 1,226,000. Yeye ndiye ashike kalamu. Mtumishi wa umma aliyezoea mafaili hahitaji kuelezwa maana ya hesabu isiyofunga, akiiandika kwa mkono wake ataiona. Kisha mwambie waziwazi, bila kupandisha sauti, kwamba nyumba ya Igoma huiwekei saini, leo wala mwezi ujao, na kwamba kwenye ule ujenzi mwingine uko pamoja naye. Semeni mnahitaji muda, mwahirishe miadi ya benki. Benki haitakimbia.

Sasa tulitazame hilo boma kwa jicho jipya, maana mimi siamini kwamba milioni 94 zimepotea. Zimekaa mahali pagumu, lakini zipo.

Huko chini mmeshajenga nini? Kuta, ngazi, zege juu. Hiyo, mdogo wangu, ni nyumba. Ni nyumba ya chini ambayo dari lake limeshamwagwa na msingi wake una nguvu kuliko nyumba nyingi za mtaani. Iko kwenye mteremko, na kiwanja cha mteremko kinachoangalia ziwa hakihitaji ghorofa ili ulione ziwa. Nenda siku moja jioni na shemeji, msimame pale itakapokuwa baraza, mtazame wote wawili. Ushauri wangu ni kwamba ghorofa lisitishwe moja kwa moja. Sisemi lisogezwe mbele "mpaka Mungu atakapojalia", maana neno hilo ndilo linalowafanya watu waendelee kununua nondo. Mpaue pale lilipofika, nyumba iwe ya chini, iishe.

Kabla ya hapo mleteni mhandisi aliyesajiliwa aangalie zege lile. Miaka miwili maji yanatuama juu yake na kupenya kwenye kuta, siyo kitu cha kuachia macho ya fundi. Kutu ya juujuu kwenye nondo zilizochomoza si tatizo kubwa, lakini kutu inayobanduka magamba inaweza kuwa imekula chuma, na mhandisi ndiye atakayesema. Akiridhika, atawaambia nondo zile zikatwe au zifanyweje, na paa lipite vipi juu ya zege. Kuna wanaopenda kulipaka zege dawa ya kuzuia maji na kuliacha wazi kama paa. Inawezekana ikiwa lilimwagwa na mwinamo na lina matundu ya kutolea maji, lakini lenu maji yanatuama, kwa hiyo mwinamo huo haupo. Mimi ningeweka kenchi nyepesi na bati la kawaida, lenye mwinamo wa kutosha na mifereji. Na nawaomba msishawishike na lile paa la kujificha nyuma ya ukuta, ambalo kila nyumba mpya inataka kuwa nalo. Linapendeza kwenye picha, lakini mfereji wake uko ndani ya kuta: ukiziba majani au fundi akikosea kiungo, maji yote yanaingia nyumbani. Mnatoka kwenye shida ya maji, msijenge nyingine.

Ile sebule inayopanda juu itabidi izibwe ule uwazi wake, nao mhandisi aseme kwa njia gani. Na kwa kuwa mnabadili kilichoidhinishwa kwenye kibali cha ujenzi, ramani mpya irudishwe halmashauri. Inasumbua, lakini inasumbua mara moja.

Halafu mtafuteni mkadiriaji majenzi, mumlipe, awape mchanganuo wa nyumba ya chini tu, hatua kwa hatua: kupaua, milango na madirisha, umeme na maji, plasta, sakafu. Msinunue mfuko wowote wa saruji kabla ya karatasi hiyo. Mkishaijua bei ya kila hatua, chagueni hatua moja, mtunze pesa mpaka itoshe, mfanye, msimame. Hatua ya kwanza ni paa, kwa sababu kila mvua inayopita inawarudisha nyuma. Marumaru, jipsamu ya madoido, geti la umeme, hivyo vyote vinaweza kusubiri hata miaka mitano na nyumba ikaendelea kukaliwa. Watu wengi wanahamia kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri, wanaishi kwa amani.

Ukiuliza kama ni bora kuuza boma lote mkapumzika, nitakuambia ni njia halali, ila mtaumia kwenye bei. Mnunuzi wa boma anaangalia kilichoonekana juu ya ardhi. Zile milioni 31 za mwamba na kifusi hatazilipia. Mimi ningeuza kama tu mhandisi atasema zege limeharibika.

Ipo njia nyingine ambayo nadhani ingemfaa shemeji, kwa sababu inageuza lile boma kuwa kitu cha kuleta pesa. Luchelele haiko mbali na Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na wanafunzi wanaotafuta vyumba hawajawahi kuisha upande ule. Vyumba viwili vya chini vikikamilika, na choo na maji ya uhakika, vinaweza kupangishwa huku sebule na baraza vikisubiri. Kodi hiyo iingie kwenye akaunti yake yenyewe na ifanye hatua inayofuata. Ulizieni kodi halisi ya pale kwa kuzunguka wenyewe, msimsikilize dalali mmoja.

Na siku ndugu wakija, kwa msiba au kwa harusi, nyumba hiyo ya chini yenye sebule ile kubwa na baraza lililopauliwa itawalaza wengi kuliko Igoma. Mwambie shemeji hivyo. Kiu yake ilikuwa hiyo, na inakatwa na nyumba ya chini iliyoisha kuliko ghorofa lisilo na paa. Mgeni wa msibani halali ghorofani, anataka mahali pakavu pa kutandika mkeka na choo kilicho karibu.

Kama ataendelea kusisitiza mkopo hata baada ya karatasi, usiende kushindana naye peke yako. Tafuta mtu mzima anayemheshimu, lakini asiwe yule kaka aliyesema lile neno, wala mtu wa upande wako. Mshenga wenu kama yupo hai, au mzee wa kanisa, au mwenzake wa kazini aliyestaafu na anayejua mkupuo ulivyo. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na nguvu kuliko sisi wote. Mwombeni aje na makaratasi yake ya mafao, awaonyeshe kilichoingia.

Kuhusu kuonekana umezuia maendeleo: watasema, huenda. Shangazi mmoja atasema, jirani atasema. Wewe jibu lako liwe fupi, "Tunajenga, ila Igoma hatuiweki rehani," na uliseme kwa "tu", hata siku ambayo bado hamjapatana vizuri. Usimwachie mumeo aonekane ameshindwa, na usikubali kuonekana mchawi wa nyumba yako.

Duka nalo tulikumbuke. Milioni 9 zilizotoka pale ni deni la familia kwa duka, liandikwe kwenye karatasi ile ile kama mnavyoandika deni la SACCOS. Mkopo wa mshahara ukiisha miaka miwili ijayo, shemeji atakuwa na nafuu kwenye mshahara, na hapo kishawishi cha kukopa upya kitakuwa kikubwa. Kubalianeni sasa, mkiwa mmetulia, kwamba sehemu ya nafuu hiyo inarudisha bidhaa kwenye rafu. Duka likirudi kwenye laki 9, lenyewe litapaua nyumba bila benki. Likifa, hata hiyo ya chini haitaisha. Na tafadhali, hao wanaokuja dukani na mikopo ya haraka, ile inayoitwa kausha damu, usiwafungulie mlango hata kwa laki mbili, hasa kipindi hiki ambapo mmebanwa.

Fundi mlipeni kidogo kidogo, kwa makubaliano ya maandishi, na mwambieni kazi imesimama rasmi mpaka mtakapomwita. Fundi asiyejua kama kazi imesimama ataendelea kupiga simu kila mwisho wa mwezi akiomba "mifuko kumi tu tuzibe hapa", na shemeji ataona haya kukataa. Kama kuna vifaa vyenu vimebaki kiwanjani, mbao, mirunda, kokoto, viorodhesheni siku hiyo hiyo. Mirunda na mbao zilizotumika zinauzika, na deni la fundi linaweza kupungua hapo.

Mwisho ni mtoto. Kidato cha tatu ni mwaka wa kujiandaa kwa mtihani wa taifa, na kila wiki anayokaa nyumbani inaonekana kwenye matokeo. Usingoje mpaka muhula uishe. Nenda shuleni wewe mwenyewe Jumatatu hii, uonane na mkuu wa shule au mhasibu, uombe kulipa kwa awamu mbili na uandike tarehe unazoweza kuzitimiza. Mzazi anayekwenda mwenyewe mara nyingi husikilizwa. Laki 5 ya mwezi huu ianzie hapo, kabla ya fundi, kabla ya saruji.